Nani Aliishika Mizani? Baa na Maisha ya Kila Siku katika Miji ya Dhahabu



Wengi wetu tumeijua baa ya mji wa dhahabu kwa njia ya sinema. Milango miwili mifupi inayopepea, mpiga kinanda anayenyamaza ghafla, mgeni anayesimama kizingitini na mkono wake karibu na bastola. Waamerika waliiita nyumba hiyo saluni, neno ambalo kwetu limeishia kwa vinyozi na wasusi. Picha hiyo si ya uongo mtupu, maana ilikuwapo miji ambako damu ilimwagika mbele ya kaunta. Lakini imetufanya tuikodolee macho bastola, nasi tukasahau chombo kingine kilichokaa juu ya kaunta hiyohiyo na kufanya kazi usiku na mchana, nacho ni mizani ya kupimia vumbi la dhahabu.

Twapenda katika toleo hili kuuangalia mji mmoja wa namna hiyo, nao ni Dawson, kaskazini-magharibi ya mbali ya Kanada. Tumeuchagua kwa makusudi. Huko polisi waliwakataza watu kubeba bastola mjini, na amri yao ilishikwa. Basi moshi wa baruti ukishaondolewa, mtu anaweza kuona vizuri zaidi jinsi maisha yalivyokwenda, na jinsi mali ilivyotoka mkono mmoja ikaingia mwingine pasipo risasi hata moja kulia.

Dhahabu ilionekana katika kijito kimoja kiingiacho katika mto Klondike mwezi Agosti 1896. Walioigundua walikuwa Mmarekani George Carmack, mkewe Shaaw Tláa ambaye wazungu walimwita Kate, kaka wa mke huyo aitwaye Keish, na mpwa wao Káa Goox. Hawa watatu walikuwa wenyeji wa nchi ile, wa kabila la Tagish. Kuna kisa kinachostahili kukumbukwa hapa. Mtafutaji mwingine, Robert Henderson, alikuwa amemwambia Carmack kwamba karibu na kitalu chake ipo nafasi kwa ajili yake, lakini si kwa Wahindi alioandamana nao. Neno hilo liliwachoma. Walipoipata dhahabu hawakumpelekea habari, naye Henderson akaendelea kuchimba ng'ambo ya mlima mpaka vitalu vyote vizuri vilipokwisha kuandikishwa. Dharau yake ilimgharimu utajiri wote wa bonde lile.

Na pale kando ya mto, mahali palipoitwa Tr'ochëk, wenyeji wengine wa kabila la Hän walikuwa na kambi yao ya kuvulia samaki tangu enzi za mababu. Wachimbaji waliivamia. Mwaka 1897 kiongozi wao, Chifu Isaac, aliwahamisha watu wake hadi Moosehide, kilomita zipatazo 5 chini ya mto, ili wasimezwe na mji pamoja na pombe yake. Upande wa pili wa mto, katika kinamasi, mfanyabiashara Joseph Ladue alikwisha kuupimia mji viwanja. Huyo hakwenda kuchimba. Alijitwalia ardhi ya mji, akaleta mashine ya kupasulia mbao, akangoja wenye dhahabu waje kutafuta mahali pa kulala. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya wengi waliokwenda na sururu.

Meli mbili zilipotia nanga San Francisco na Seattle mwezi Julai 1897 zikiwa na wachimbaji na mizigo ya dhahabu, dunia ilipatwa na wazimu. Wanahistoria hukadiria kuwa watu wapatao 100,000 walianza safari, kati ya 30,000 na 40,000 wakafika, na waliopata dhahabu ni kama 4,000 tu. Polisi wa Kanada walimtaka kila aingiaye awe na vyakula na vifaa vya kumtosha mwaka mzima, mzigo wa karibu tani moja, ambao wengi waliupandisha mlimani mgongoni mwao, wakirudi tena na tena kuchukua sehemu iliyobaki. Walipofika Dawson katika kiangazi cha 1898 walikuta vijito vyote vyenye mali vimekwisha kugawanywa tangu miaka miwili nyuma. Hapo walibaki wakizunguka barabarani katika tope. Wengine waliuza mahindi, maharage na makoti yao palepale ukingoni mwa mto ili wapate nauli ya kurudi kwao.

Hao ndio waliojaza baa. Jambo hili halina budi kueleweka vema, maana aghalabu tunapowahubiria walevi hudhani kwamba mtu huingia baa kwa sababu ya kiu peke yake. Kule Dawson baridi ya majira ya kupukutika haikumngoja mtu. Mgeni alikaa katika hema, au katika kibanda cha magogo pamoja na wenzake watatu au wanne, wakiwa na mshumaa mmoja na chakula kilekile kila siku. Baa ilikuwa na jiko kubwa la kuni, taa nyingi, muziki, na watu. Aliyetafuta kibarua aliulizia pale, na aliyetafuta ndugu yake aliyepotea njiani aliulizia palepale. Asiye na kitu aliweza kukaa karibu na moto, na usiku ukiwa mwingi akajinyoosha juu ya benchi. Habari za dunia zilikuwa adimu mno. Gazeti moja lililofika lilisomwa kwa sauti ukumbini, kila msikilizaji akitoa dola moja ili kujua vita ya Marekani na Hispania imefikia wapi. Twaweza kusema kwamba mji ule haukuwa na sebule nyingine.

Hata wale waliokuwa na kazi walifungwa na baa kwa kamba ya namna nyingine. Ardhi ya kule huganda kama jiwe. Mchimbaji aliwasha moto juu ya ardhi, akaondoa udongo ulioyeyuka, akawasha tena, hivyo hivyo miezi yote ya baridi, mpaka shimo likafika kwenye mwamba. Udongo ulirundikwa nje. Dhahabu iliyokuwamo haikuweza kuoshwa mpaka maji ya vijito yatiririke tena wakati wa masika. Basi kwa muda wa nusu mwaka mtu alikuwa tajiri wa rundo la udongo asiloweza kununulia hata mkate. Aliishi kwa mkopo wa muuza duka na wa mwenye baa. Wengine hawakuwa na kitalu, bali walichimba kitalu cha mwingine kwa mapatano ya kugawana kitakachopatikana. Kibarua wa kawaida alilipwa kama dola 15 kwa siku, mshahara uliowashangaza watu wa kusini, lakini bei za Dawson ziliumeza haraka.

Masika yalipofika, mifuko ya ngozi ilifunguliwa, na hapo ndipo mizani ilipoanza kusema. Fedha za noti zilikuwa chache, hivyo vumbi la dhahabu lilikuwa ndiyo sarafu ya mji, wakia moja ikihesabiwa kuwa dola 16. Mnywaji alimkabidhi mwuzaji mfuko wake mzima. Mwuzaji alimwaga kiasi juu ya mizani, akapima bei ya kinywaji, akarudisha mfuko. Kukaza macho wakati huo ilionekana kuwa uchoyo, na mchimbaji aliyetoka kijitoni baada ya miezi sita ya giza hakutaka kuonekana mchoyo mbele ya wenzake. Chembe zilizoanguka zilibaki kwa mwenye nyumba. Vumbi la mbao lililotandazwa sakafuni lilikuja kuoshwa kama udongo wa kijitoni, nalo likatoa dhahabu. Wachimbaji nao hawakuwa malaika wote, kwa maana wapo waliochanganya mchanga mweusi katika vumbi lao kabla ya kulitoa. Hivyo kila upande ulimwibia mwenzake kidogo kidogo, kwa tofauti moja tu, kwamba mchimbaji alipima mara chache na mwenye baa alipima mara mia kwa siku.

Desturi ya California miaka hamsini kabla ya hapo ilikuwa wazi zaidi. Kule, baada ya dhahabu kuonekana Januari 1848, bei ya kinywaji ilikuwa ni vumbi liwezalo kushikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na vidole hivyo vilikuwa vya mwuzaji. Inasimuliwa kwamba mtu akiomba kazi ya kuuza pombe aliangaliwa kwanza unene wa vidole vyake. Mjini San Francisco hema moja la kamari, liitwalo Eldorado, lilikodishwa kwa dola 40,000 kwa mwaka, ingawa upana na urefu wake haukuzidi ule wa chumba cha darasa dogo. Mtu halipi kodi ya namna hiyo kwa turubai kama hajui kwamba atairudisha. Sam Brannan, aliyepita mitaani akitangaza dhahabu kwa sauti kuu, alikuwa kwanza amejaza duka lake sururu, majembe na karai, naye akawa tajiri mkubwa kuliko wachimbaji aliowaita. Wapo waliotozwa hata kabla ya kufika kaunta. Sheria ya mwaka 1850 iliwadai wachimbaji wageni dola 20 kwa mwezi, na ilipoondolewa, nyingine ya mwaka 1852 iliwaelemea Wachina hasa.

Turudi Dawson, maana hatujasema neno juu ya wanawake, na katika masimulizi mengi hutajwa kwa kicheko au kwa laana, mambo ambayo yote mawili hayatusaidii. Katika kumbi za dansi zilizounganishwa na baa, mwanamume alilipa dola moja kwa kila dansi, nayo dansi ilikuwa fupi mno. Mwanamke alipata sehemu tu ya dola hiyo, pamoja na sehemu ya bei ya vinywaji alivyoweza kumshawishi mwanamume anunue. Alicheza hadi alfajiri. Mwenye ukumbi alipata faida kwa mchezaji na kwa mnywaji kwa wakati mmoja, na aibu yote akaachiwa mwanamke. Twashangaa jinsi mgawanyo huo wa faida na aibu usivyozeeka.

Lakini si kila mwanamke aliyefika kule alikuwa na njia hiyo moja. Belinda Mulrooney, mzaliwa wa Ireland, aliingia Dawson mwaka 1897 na shehena ya vitambaa na chupa za maji ya moto, akaviuza kwa faida kubwa, akafungua mgahawa. Baadaye alijenga nyumba ya wageni huko kwenye vijito, ambako wengine walimcheka kwamba yuko mbali na mji. Kumbe wachimbaji walikuwa huko. Mwezi Julai 1898 alifungua hoteli yake ya Fairview mjini. Nellie Cashman, naye wa Ireland, aliendesha mgahawa na kuwachangisha wachimbaji kwa ajili ya hospitali.

Haki yatudai tuseme pia kwamba si wenye baa wote walikuwa kupe. Bill McPhee, aliyekuwa na baa katika kambi ya Forty Mile kabla ya Dawson kuwapo, alijulikana kwa kuwakopesha watu chakula. Mmojawapo alikuwa Clarence Berry, aliyekuwa akimwuzia pombe kaunta. Habari za Klondike zilipofika, McPhee alimfungulia Berry ghala lake achukue anachohitaji. Berry akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa bonde lile. Mwaka 1906 baa ya McPhee huko Fairbanks, Alaska, ilipoungua kwa moto, Berry alimpelekea simu kwamba achukue katika akiba yake kiasi chochote cha kujengea upya. Twakitaja kisa hiki kwa furaha, lakini pia twakiona mpaka wake. Maisha ya mtu yalitegemea kama mwenye mizani ana moyo mwema. Aliyemkuta McPhee alipona, na aliyemkuta mwingine alikwisha.

Serikali ilifanya nini? Polisi wa Kanada chini ya Sam Steele hawakuifunga baa, bali waliiwekea mipaka. Ilipokaribia saa sita usiku wa Jumamosi muziki ulikoma, na mlango haukufunguliwa mpaka saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Wavunja sheria walitozwa faini au walipewa shoka wakapasue kuni za polisi, adhabu iliyochukiwa sana na watu waliozoea kuvaa vizuri. Faini hizo zilisaidia kugharimia wagonjwa wasio na uwezo. Benki nazo zilifika katikati ya mwaka 1898, zikaanza kazi ndani ya hema na vibanda, na kuanzia hapo mchimbaji aliyetaka aliweza kupima dhahabu yake mahali pasipouza pombe. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko yanavyoonekana, ingawa hayatajwi katika sinema yoyote.

Nyumba nyingine yenye moto na taa ilijengwa na Padre William Judge, Mjesuiti. Aliingia Dawson mwaka 1897 akitokea Forty Mile, akatafuta kiwanja, akaanza na hospitali. Kanisa alilijenga sambamba nayo, lakini mwezi Juni 1898 liliungua kwa sababu ya mshumaa aliouacha ukiwaka. Alex McDonald, aliyeitwa mfalme wa Klondike kwa wingi wa vitalu vyake, alilipa gharama zote za kulijenga jipya. Kiangazi hicho homa ya matumbo iliuvamia mji, kwa maana kinamasi, vyoo na maji ya kunywa havikutenganishwa. Hospitali ya Mtakatifu Maria ilijaa mpaka vijiani. Padre alimpokea kila aliyeletwa, mwenye fedha na asiye nazo, Mkatoliki na asiyekuwa Mkatoliki, mchimbaji na mchezesha kamari. Masista wa Mtakatifu Ana waliwasili mwezi Agosti kumsaidia. Yeye mwenyewe alilala kidogo, alikula kidogo, akafa kwa homa ya mapafu tarehe 16 Januari 1899, akiwa na umri wa miaka 48. Hatujaona popote kwamba aliwahi kusimama mlangoni pa baa kuwakemea waliomo. Alikuwa na kazi nyingi mno ya kuwapokea waliotolewa humo.

Twaandika haya tukijua kwamba baadhi ya wasomaji wetu huishi karibu na maduara ya dhahabu, huko Geita, Kahama na Chunya, ambako nako vilabu vya pombe hutangulia shule na zahanati. Yule kijana anayekula kwa mkopo wa mwenye duara mpaka mawe yasagwe, na yule binti aliyeletwa kutoka mbali kuhudumia katika baa kwa mshahara usiotajwa, hawahitaji kuelezwa habari za Dawson, wanazijua. Mwezi Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na baadaye mikoa mingine ikafuata, ili mchimbaji mdogo auze mbele ya mizani ya wazi na bei inayojulikana. Ni hatua njema. Hata hivyo dhahabu ya yule aliyekwisha kula kwa mkopo ina mwenyewe kabla ya kufika sokoni. Kamati za haki na amani za parokia zenye machimbo zingefanya vema, kabla ya kuandaa semina nyingine juu ya ulevi, kwenda kuuliza mambo matatu: deni la chakula huandikwa na nani, hulipwa kwa mizani ya nani, na kijana asiyetaka kunywa hukaa wapi jioni.

Ama Dawson, siku zake hazikuwa nyingi. Mwezi Aprili 1899 moto uliteketeza majengo 117. Katika kiangazi cha mwaka huohuo habari za dhahabu ya Nome, Alaska, zilifika, na katika juma moja la Agosti watu 8,000 wakapanda mashua wakaondoka. Muziki ukahamia kwingine pamoja na mizani. McDonald, yule mfalme, alikufa mwaka 1909 katika kibanda chake akiwa hana kitu. George Carmack alimwacha Shaaw Tláa mwaka 1900 akaoa mwingine. Mama huyo hakupata hata sehemu ya mali ya kijito alichokuwapo kilipogunduliwa, akafa mwaka 1920 kwa homa ya mafua. Káa Goox alikufa maji mwaka 1908 baada ya kuanguka kutoka darajani. Keish alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya. Aliacha fedha zake katika amana kwa ajili ya watu wake, na mwaka 1962 zilisaidia kuwapatia ukumbi wa kukutania mjini Whitehorse.

Na wale waliohamishiwa Moosehide? Chifu Isaac alihofu kwamba nyimbo na ngoma za watu wake zingepotelea katika kelele za mji, akazikabidhi kwa ndugu zao walioko Alaska wazitunze. Zilitunzwa. Wajukuu wa watu wale, wajulikanao leo kama Tr'ondëk Hwëch'in, walitia sahihi mkataba wa ardhi yao mwaka 1998, na katika mkataba huo Tr'ochëk ilirudi mikononi mwao. Mwaka 2023 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliiandika nchi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, likiitanguliza kambi ya wavuvi pamoja na mji wa dhahabu. Nyimbo zile nazo zimekwisha kurudishwa kutoka Alaska, na huimbwa Moosehide katika mikusanyiko ya kiangazi, ambako pombe hairuhusiwi.